Chupa ya tangawizi ya "nano" na tumbo lisilotulia: jibu kwa mama wa foleni ya feri

Mwezi uliopita, nikiwa katika foleni ya feri upande wa Likoni, kijana mmoja mwenye mkoba alipita akiuza chupa ndogo za kahawia. Ndani yake, alisema, mna chembe za nano za tangawizi, zimethibitishwa na wanasayansi wa Marekani, na zinaponya tumbo la kuhara, tumbo la kufunga, gesi, vidonda na IBS. Chupa moja shilingi 1,500. Mama aliyekuwa mbele yangu alikuwa keshaanza kufungua kibeti. Alipoiona kadi ya kaunti iliyoning'inia shingoni mwangu, akanigeukia na kuniuliza kama kaunti inaijua dawa hiyo.

Nilimwambia ukweli: siijui, mama, lakini nitauliza. Naye akanieleza yake. Kwa miaka minne tumbo linamsokota. Wiki moja anahara, wiki inayofuata hapati choo. Amemeza dawa za amiba, za taifodi na za vidonda vya tumbo, nyingine kwa karatasi ya daktari, nyingine kwa kuelekezwa tu na muuza dawa. Biashara yake iko mjini, na kila asubuhi huvuka bila kula kitu, kwa hofu ya kubanwa na tumbo feri ikiwa katikati ya maji. Alikirudisha kibeti mkobani, tukabadilishana nambari za simu.

Makala haya ni jibu nililomwahidi. Nayaandika kwa wakaazi wote wa Likoni, Kisauni na Changamwe, kwa kuwa swali hilo hilo nimeulizwa tena, mara moja barazani na mara moja ndani ya matatu ya kwenda Bamburi.

Chembe zenyewe ni za kweli

Muuzaji yule hakubuni yote, na ni haki kuanza na lile aliloлisema kwa usahihi. Nano ni kipimo tu. Ukiigawanya meta moja mara bilioni moja, kipande kimoja ndicho nanomita. Unywele wa kichwa una upana wa nanomita 80,000 hadi 100,000 hivi. Chembe nyekundu ya damu ina kama 7,000. Chembe tunazozizungumzia hapa zina mia mbili na kitu, hazionekani kwa jicho wala kwa hadubini ya kawaida ya maabara ya hospitali.

Mimea, kama miili yetu, hutengeneza vifuko vidogo sana vyenye ngozi ya mafuta. Ndani ya kila kifuko mna mizigo ya mmea wenyewe: protini kidogo, vile vitu vinavyoipa tangawizi ukali wake, na vipande vifupi vya ujumbe wa chembechembe viitwavyo maikro-RNA. Ukisaga tangawizi na kukamua maji yake, vifuko hivyo vimo ndani. Vimo pia katika zabibu, balungi, karoti, brokoli na manjano. Kilichowavutia watafiti ni kwamba vifuko hivi, vikimezwa, huweza kupita kwenye asidi ya tumbo na kufika utumbo mpana vikiwa na mzigo wao. Dawa nyingi zinashindwa safari hiyo: ama zinavunjwa njiani, ama zinaingia kwenye damu na kusambaa mwili mzima kabla ya kufika panapouma.

Mwaka 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha Louisville huko Kentucky, Marekani, walichapisha matokeo kuhusu vifuko vya zabibu. Panya wa maabara waliolishwa vifuko hivyo walikingwa kwa kiasi dhidi ya ugonjwa wa uvimbe wa utumbo mpana. Mwaka 2016 kundi jingine, la Didier Merlin wa Chuo Kikuu cha Georgia State mjini Atlanta, likaja na tangawizi. Chembe zao zilikuwa na upana wa nanomita 230 hivi, zikiwa na aina kama 125 za maikro-RNA. Panya waliopewa kwa mdomo walipungukiwa na uvimbe, ngozi ya ndani ya utumbo wao ikajirekebisha upesi zaidi, na hata saratani inayoletwa na uvimbe wa muda mrefu ikazuilika. Mwaka 2018 Louisville wakarudi na jambo ambalo kwangu mimi ndilo linalopendeza zaidi. Walionyesha kwamba vifuko vya tangawizi humezwa na bakteria wema walio ndani ya utumbo, wa jamii ya Lactobacillus, ndugu wa wale wanaogandisha maziwa lala. Maikro-RNA ya tangawizi ikiingia ndani ya bakteria hao huwabadilisha mwenendo, nao huufanya utumbo wa panya uongeze kinga yake.

Kwa hiyo kijana wa foleni aliposema kuna wanasayansi wa Marekani, hakudanganya. Shida inaanza pale unapouliza maswali mawili: waliotibiwa walikuwa nani, na walitibiwa ugonjwa gani?

Ni panya, na ni ugonjwa mwingine

Panya wa tafiti hizo walitiliwa kemikali kwenye maji ya kunywa hadi utumbo wao ukavimba na kuchubuka. Hali hiyo inafanana na magonjwa ya uvimbe sugu wa utumbo ambayo madaktari huyafupisha IBD. Ugonjwa ulioandikwa kwenye chupa ni IBS. Herufi moja tu ndiyo iliyobadilika, lakini ni magonjwa mawili mbalimbali.

Fikiria barabara ya kutoka Changamwe kuingia mjini kupitia Kibarani. Siku moja magari yamekwama kwa sababu lami imechimbika na ina mashimo. Hiyo ni IBD: ukimulika utumbo kwa kamera utaona uvimbe, vidonda, damu. Siku nyingine lami ni safi kabisa, lakini askari wa trafiki na madereva hawaelewani. Upande huu wanaachiwa kwa kasi, upande ule wamesimamishwa saa nzima. Hiyo ni IBS, ambayo tunaweza kuiita ugonjwa wa utumbo msumbufu. Ukimulika huoni kidonda. Neva za utumbo zinahisi kupita kiasi, misuli yake inasukuma ama haraka mno ama polepole mno, na mawasiliano kati ya utumbo na ubongo yamevurugika.

Hapo ndipo wagonjwa wengi wanapoumizwa kwa maneno. Vipimo vinatoka safi, kisha mtu anaambiwa hana kitu, ni mawazo tu. Maumivu ni ya kweli. Lililo jema ni kwamba utumbo msumbufu haugeuki kuwa saratani na hauli nyama ya utumbo. Unachokula ni siku za mtu: kazi, safari, harusi anazokosa kwenda, foleni za feri anazoziogopa.

Si ugonjwa wa wachache. Uchunguzi wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2021, ukihusisha nchi 33, ulikuta karibu watu wazima 4 katika kila 100 waliohojiwa kwa intaneti wana dalili zinazotimiza vigezo vyake, wanawake wakiwa wengi kuliko wanaume. Kuna jambo jingine linalotuhusu sana sisi tunaoishi penye shida ya maji safi. Mtu anaweza kuupata ugonjwa huu baada ya kuhara kwa sababu ya vijidudu: ugonjwa wenyewe unaisha, lakini utumbo unabaki umeshtuka. Tafiti zilizokusanywa pamoja zinaonyesha kwamba hilo huwapata takriban mtu mmoja katika kila kumi waliougua maambukizi ya utumbo. Kwa hiyo kunawa mikono na kuchemsha maji ya kunywa hakuzuii kipindupindu peke yake.

Je, chembe za tangawizi haziwezi basi kuusaidia utumbo msumbufu? Huenda zikaja kusaidia. Baadhi ya wagonjwa wa IBS wana bakteria wa tumboni waliobadilika, na wengine wana uvimbe mdogo sana au ngozi ya utumbo inayopitisha kuliko kawaida. Hizo ni sehemu ambazo vifuko vya tangawizi viligusa kwa panya. Ni sababu nzuri ya kuendelea kutafiti. Lakini hadi sasa hakuna dawa ya nanochembe za mimea iliyoidhinishwa kutibu IBS, na majaribio kwa binadamu bado ni machache na madogo. Njia kutoka kwa panya hadi kwa mama wa Likoni ni ndefu, na dawa nyingi zilizowaponya panya zimeishia njiani.

Tangawizi ya kawaida ilijaribiwa

Kuna utafiti mmoja ambao nadhani kila muuza chupa angefaa kuusoma. Ulichapishwa mwaka 2014 na watafiti wa North Carolina, Marekani. Walichukua wagonjwa 45 wa IBS na kuwagawa makundi matatu kwa siku 28. Kundi la kwanza lilipewa kila siku gramu 1 ya tangawizi, la pili gramu 2, na la tatu vidonge vitupu visivyo na dawa. Wagonjwa hawakujua nani anameza nini, wala waliowapa hawakujua.

Waliopata nafuu katika kundi la vidonge vitupu walikuwa asilimia 57.1. Kundi la gramu 1, asilimia 46.7. Kundi la gramu 2, asilimia 33.3.

Soma tena tarakimu hizo. Waliomeza hewa walifanya vizuri kama wengine, na zaidi. Tuwe waangalifu: watu 45 ni wachache, na walichomeza ni unga wa tangawizi, si vifuko vilivyochujwa. Utafiti huo haujathibitisha kwamba tangawizi haifai milele. Unachotufundisha ni kwamba zaidi ya nusu ya wagonjwa wa IBS wanaweza kupata nafuu kwa mwezi mmoja bila dawa yoyote, kwa kusikilizwa na kutazamiwa tu, na kwa kuwa ugonjwa wenyewe hupanda na kushuka. Kwa hiyo muuzaji akikuletea jirani anayeapa kwamba chupa ilimponya, jirani huyo huenda anasema kweli tupu kuhusu nafuu yake, na bado chupa isiwe ndiyo iliyomponya.

Ndani ya chupa mna nini?

Maabara ya Atlanta haikukamua tangawizi na kuitia chupani. Maji ya tangawizi huzungushwa kwanza polepole ili makapi yashuke. Kisha hutiwa kwenye mashine ya kuzungusha kwa kasi kubwa mno, yenye nguvu zaidi ya mara 100,000 ya uzito wa kawaida, hadi vifuko vinatuama chini. Baadaye hupitishwa kwenye tabaka za maji ya sukari yenye uzito tofauti ili aina moja ya vifuko itengwe na nyingine. Ndipo hupimwa ukubwa kwa mitambo maalumu na kuhifadhiwa kwenye baridi. Mashine ya aina hiyo hugharimu mamilioni ya shilingi. Chupa inayotembezwa juani katika foleni ya feri, hata kama ilianza na vifuko, hakuna anayeweza kukuambia vimebaki vingapi. Huwezi kuvijua kwa kutazama, kunusa wala kuonja.

Na tukisema kweli, ukikamua tangawizi nyumbani kwako nawe umepata vifuko vya nano, kwa bei ya Kongowea. Hakuna anayejua tu ni vingapi, wala ni vingapi vinahitajika.

Neno "nano" pia linaficha kitu kingine. Kuna chembe za nano zilizotengenezwa kwa madini, hasa fedha, kwa kutumia maji ya majani ya mimea kama mwarobaini. Hizo nazo huitwa za mimea, kumbe ndani yake mna madini. Hutafitiwa kwa kazi ya kuua vijidudu, lakini kunywa maji yenye chembe za fedha kwa muda mrefu kunaweza kuigeuza ngozi kuwa ya kijivu cha buluu, na rangi hiyo haitoki. Muuzaji asiyejua tofauti ya vitu hivi viwili hana haki ya kukuuzia hata kimoja.

Chupa ile niliipiga picha kwa simu. Haikuwa na jina la mtengenezaji, wala tarehe ya kuisha, wala nambari ya usajili. Katika Kenya, bidhaa za mitishamba zinazouzwa kama dawa zinapaswa kusajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu, ile inayojulikana kwa herufi PPB. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inaitambua tiba ya asili na tiba mbadala. Haikuja kuwafukuza waganga wetu wa mitishamba, ambao wengi wana maarifa yaliyorithiwa tangu mababu. Mwenye mti anaouamini ana mahali pa kuupeleka: taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, ina kituo maalumu cha tiba za asili na utafiti wa dawa jijini Nairobi. Uganga unaokataa kupimwa ndio wa kutiliwa shaka.

Wakubwa kwa wadogo tunakumbuka mwaka 2011, "kikombe cha Babu" kule Samunge, Loliondo, nchini Tanzania. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila aligawa dawa ya mti kwa shilingi 500 za Tanzania kikombe, na magari yakapanga foleni ya kilomita nyingi, mengine yakitoka huku kwetu. Bei ilikuwa ndogo, na wengi waliamini hakuna cha kupoteza. Gharama iliwaangukia waliokuwa wakimeza dawa za UKIMWI au za kisukari na wakaziacha. Kwa mwenye tumbo, gharama ya chupa ya nano inaweza kuwa ya namna hiyo hiyo: miezi sita ya kungojea ifanye kazi, kumbe ndani kuna ugonjwa mwingine ambao ungetibika ukionekana mapema.

Kabla ya kuuita IBS

Kwa sababu hiyo, jambo la kwanza ni kuhakikisha kwamba tumbo lako si kitu kibaya zaidi. Nenda hospitali bila kuchelewa ukiona damu kwenye choo au choo cheusi kama lami. Ukipungua uzito bila kukusudia. Ukiwa na homa, au ukiambiwa damu yako ni chache. Ukiamshwa usiku na kuhara au maumivu. Ukihisi uvimbe tumboni. Au ikiwa shida hii imekuanza ukiwa umeshapita miaka 45 hivi. Vivyo hivyo ikiwa mzazi au ndugu wa tumbo moja aliwahi kuwa na saratani ya utumbo. Dalili hizi si za IBS, na hakuna tangawizi ya kuzisubirisha.

Usipokuwa na dalili hizo, daktari ataangalia vigezo. Kwa ufupi, ni maumivu ya tumbo yanayokuja angalau siku moja kwa wiki katika miezi mitatu iliyopita, yaliyoanza si chini ya miezi sita nyuma, na yanayoambatana na haja kubwa: yanapungua au kuzidi ukienda chooni, au unakwenda mara nyingi au chache kuliko kawaida, au choo chenyewe kimebadilika kuwa kigumu au maji. Mbili kati ya hizo tatu zinatosha. Vipimo vichache vya damu na choo huondoa magonjwa mengine.

Hapa niseme neno kuhusu taifodi. Kipimo cha Widal, kile cha haraka cha tone la damu, si cha kutegemewa peke yake. Kinaweza kuonyesha taifodi kwa mtu asiyekuwa nayo. Mwenye IBS anaweza "kukutwa na taifodi" mara tatu kwa mwaka na kumezeshwa antibiotiki mara tatu, na antibiotiki nazo zinawavuruga wale bakteria wema tuliowataja. Vivyo hivyo metronidazole ya amiba inayonunuliwa bila kipimo. Ukiandikiwa, ni haki yako kuuliza: daktari, kipimo gani kimeonyesha?

Yanayosaidia sasa hivi

Tiba zilizopo hazina jina la kuvutia kama nano. Mwaka 2021, chama cha madaktari wa tumbo wa Marekani kilitoa mwongozo ambao ndani yake mna vitu ambavyo mkaazi wa hapa anaweza kuvipata. Cha kwanza ni nyuzi laini za chakula zinazoyeyuka majini, hasa maganda ya ispaghula, ambayo wengi huyajua kwa jina la isabgol. Zinaanzwa kidogo, na maji mengi. Pumba za ngano hazina faida hiyo, na huwaongezea wengi gesi. Kingine ni mafuta ya mnanaa yaliyo kwenye vidonge maalumu vinavyofunguka utumboni. Huu nao ni mmea, na umepimwa kwa wagonjwa wenyewe wa IBS, si kwa panya.

Kuna pia kidonge cha zamani na cha bei nafuu, amitriptyline. Kwa dozi kubwa hutumika kwa sonona. Kwa dozi ndogo hutuliza neva za utumbo. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2023, wenye wagonjwa 463 waliotibiwa na madaktari wao wa kawaida, ulionyesha kwamba dozi ya miligramu 10 hadi 30 ilishinda vidonge vitupu. Dawa hii imo kwenye orodha ya dawa muhimu za Kenya. Ni ya kuandikiwa na daktari, si ya kuazimwa kwa jirani, maana huleta usingizi na haiwafai wenye magonjwa fulani ya moyo.

Kisha chakula, na hapa Mombasa ndipo penye kazi. Kuna sukari na wanga wa aina fulani ambao utumbo mdogo hauumalizi. Unafika chini, bakteria wanauchachusha, na gesi inajaa. Uko kwa wingi katika mbaazi, kunde, maharagwe, vitunguu maji na vitunguu saumu, ngano, maziwa matamu, embe na tikiti maji. Msomaji keshaona ninakoelekea: mahamri na mbaazi za nazi, staftahi yetu ya heshima, ni ngano, kunde na kitunguu katika sahani moja. Kwa tumbo lililotulia ni neema. Kwa utumbo msumbufu inaweza kuharibu siku nzima. Wali, muhogo, viazi, samaki, mayai, karoti na mchicha huwa vyepesi zaidi. Wakati wa Ramadhani, futari ndogo mara mbili ni bora kuliko sinia moja kubwa. Kahawa tungu huwaharakisha chooni baadhi ya watu, hata ikiwa imetiwa tangawizi, na miraa na muguka hufunga choo.

Hofu na usingizi mbovu havisababishi ugonjwa huu peke yake, lakini huupandisha. Mtu anayevuka feri kila siku akiwa ameshika tumbo anaupandisha bila kukusudia. Kula kidogo saa moja au zaidi kabla ya kutoka, kwenda chooni bila haraka, na kupumua polepole kwa dakika chache kunasaidia kuliko kukaa na njaa hadi saa nane mchana.

Kuhusu tangawizi yenyewe: kunywa chai yako. Kwa kipimo cha jikoni haina neno kwa watu wengi, na kwa kichefuchefu ina ushahidi mzuri. Wenye kutumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi, kama warfarin, na wenye kiungulia wasinywe kwa wingi bila kumuuliza daktari.

Pa kuanzia

Anza na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe, au mwulize mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wako. Ikihitajika, utaelekezwa Hospitali ya Likoni, ya Port Reitz kwa wakaazi wa Changamwe, au ya Utange kwa wakaazi wa Kisauni, na kutoka huko kwenda Makadara kwa uchunguzi mkubwa zaidi. Kabla ya kwenda, chukua daftari uandike kwa wiki mbili: umekula nini, tumbo limeuma saa ngapi, choo kilikuwaje, siku hiyo ulikuwa na shughuli gani. Daftari hilo humsaidia daktari kuliko maelezo ya kukumbuka. Na ikiwa umekuwa ukinywa chupa yoyote, ya nano au ya mti, ibebe uende nayo hata kama ni tupu. Hakuna atakayekugombeza. Anayeuza bidhaa isiyo na nambari ya usajili aripotiwe kwa afisa wa afya ya umma wa wadi.

Mama wa foleni nilimpigia simu na kumsomea haya yote kabla hayajachapishwa. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu: mbaazi ndio basi tena? La, mama. Ukishapimwa, unaziacha kwa wiki nne, zisizidi sita, halafu unazirudisha kijiko kwa kijiko, chakula kimoja baada ya kingine, uone ni kipi hasa kinachokusumbua. Huenda ikawa ni kitunguu.